Maji ya Bomba Yananuka Dawa: Mazungumzo ya Kamati ya Maji



Leo tunalo jambo moja tu: maji. Tangu tuanze kutia dawa ya klorini kwenye tangi, ndoo nyingine zimerudi kule kisimani. Tukiuliza, tunajibiwa: "Ya bomba yananuka. Ya kisima matamu, tena unaona mpaka chini ya ndoo."

Basi sikilizeni kisa cha kweli. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Broad Street, London. Mama mmoja mjane alikuwa anakaa mbali, Hampstead, ila aliyapenda mno maji ya pampu ya Broad Street kwa ladha yake, akawa anapelekewa kila siku. Akayanywa, akafa kwa kipindupindu, na huko kwake ugonjwa haukuwapo. Daktari John Snow alikitaja kifo hicho kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa majini. Vijidudu, ndugu zetu, havina rangi wala harufu. Ile harufu kidogo ya klorini maana yake mlinzi bado yupo kazini.

Lakini hatusemi mzibe pua. Mji wa Flint, Marekani, ulibadili chanzo cha maji mwaka 2014. Wananchi wakalalamika: yana rangi, yananuka. Wakubwa wakajibu ni salama. Baadaye ikaonekana yana madini ya risasi, ambayo hayaonjeki wala hayanuki. Imani ikavunjika.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi:

1. Maji yakiwa meupe kama maziwa, yaacheni kwenye glasi. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu.

2. Yakiwa mekundu au yana tope, msinywe. Leteni habari siku hiyohiyo. Tope hupunguza nguvu ya dawa.

3. Harufu ikikera, tekeni kwenye ndoo safi, mfunike kwa kitambaa safi, yalale. Harufu itapungua.

4. Sisi kamati tutabandika hapa kila kipimo cha klorini, kizuri na kibaya. Shirika la Afya Duniani linataka bombani isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikipungua, mtusimamishe mkutanoni tujieleze.

Pua na ulimi vikishtuka, njooni mtuulize, nasi tupime mbele yenu. Kuuliza si ujinga.