Madoa Meusi ya Uso na Dawa za Miti



Leo nitasema nanyi juu ya madoa meusi yanayotoka kwa uso wakati wa mimba. Munayajua: kwa mashavu, kwa paji la uso, na juu ya mudomo.

Mama mumoja alikuja kupima mimba ya miezi saba, amefunika uso kwa kitambaa. Jirani yake alimwambia, "Paka maji ya ndimu. Ni kitu cha muti tu, hakiwezi kukuumiza." Akapaka asubuhi, akaenda shamba. Kisha siku mbili uso ukatoka malengelenge. Yalipopona, madoa yalikuwa meusi kupita mbele.

Juu ya nini? Ndani ya ndimu kuna kitu kinachoamka kwa jua na kuchoma ngozi. Na ngozi yetu ikichomwa, inafanya rangi nyingi zaidi. Basi musiseme, "Ni muti, haina hatari." Mihogo mikali pia ni muti, na munajua inafanya nini.

Madoa haya si uchafu. Usisugue na jiwe. Wala hakuna mutu aliyekuloga. Ndani ya ngozi kuna vitu vidogo sana vinavyotengeneza rangi. Mimba inaviamsha, na jua linaviongezea kazi. Vidonge vya kupanga uzazi vinaweza kufanya vile vile. Kwa wamama wengi madoa yanapunguka yenyewe, miezi kadhaa kisha kuzaa.

Mutaniuliza, "Basi hakuna muti unaosaidia?" Iko. Ndani ya ngano na shayiri kuna asidi moja, jina lake azelaiki, inayopunguza kazi ya kufanya rangi. Waganga wanaitoa kama pomade, 20 kwa 100, asubuhi na mangaribi, hata kwa mama mwenye mimba. Lakini inaomba miezi, si siku. Na usipake unga wa ngano kwa uso: pomade inatengenezwa kwa fabriki, kwa kipimo. Mizizi ya ule mumea mutamu Wafaransa wanaouita réglisse inasaidia pia, lakini kidogo. Kuna arbutini, inayotoka kwa majani ya kichaka cha inchi za baridi. Hiyo ikivunjika inatoa hidrokinoni. Mwenye mimba asiipake.

Hidrokinoni ni ile ya mafuta mengi ya kung'arisha ngozi. Mwaka 1975 waganga wa Afrika Kusini waliandika juu ya wamama waliopaka muda mrefu: ngozi yao ikafanya weusi wa bluu, usiotoka tena vyepesi. Mwaka 1990 inchi ile ikaikataza. Mafuta mengine yana zebaki, inayoharibu figo na kufika kwa mutoto tumboni. Mengine yana kortizone yenye nguvu, inayofanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Siku mama huyo akipasuliwa ili azae, kidonda kinakawia kufunga. Angalieni, wamama: uso mweupe unaweza kukugharimu tumbo.

Basi fanyeni hivi:

1. Funika uso na jua. Kofia pana, muavuli, kivuli cha muti. Hii ni dawa ya kwanza. Bila hii, pomade yote ni bure.

2. Usipake ndimu, wala sabuni kali, wala majivu.

3. Chupa isiyoandikwa vitu vilivyo ndani, usiinunue sokoni, hata muuzaji akisema ni ya majani.

4. Kama umeshapaka mafuta ya kung'arisha, usifiche. Lete chupa tuione. Hatutakucheka. Na ile ya kortizone uliyoizoea, usiiache kwa mara moja bila kutuuliza.

5. Kama umepaka dawa, nawa mikono mbele ya kushika mutoto, na usipake kwa matiti.

Yule mama wa ndimu alizaa salama. Tulimwambia tu akae kwa kivuli na kuvaa kofia shambani. Mutoto alipoketi, madoa yalikuwa yamepunguka sana, na kitambaa kile alikuwa anakitumia kumufunikia mutoto.

Sasa ulizeni maswali. Hakuna swali la haya hapa.