Mtoto Anayekoroma Si Mvivu



Katika madarasa ya awali hakosekani mtoto anayesinzia kabla ya saa nne asubuhi, na mwingine asiyetulia hata kidogo. Wa kwanza huitwa mvivu, wa pili mtundu, na mara nyingi wote wawili huponywa kwa fimbo. Yasikitisha kwamba hakuna anayeuliza watoto hao hulalaje usiku.

Suala hili si geni. Mwaka 1889 William Hill, daktari wa London, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba baadhi ya watoto waliodhaniwa wazito wa akili shuleni walikuwa wameziba njia ya hewa puani na kooni.

Nyuma ya pua mna nyama, na kando ya koo mna mafindofindo. Kati ya umri wa miaka 2 na 8 viungo hivyo huwa vikubwa, hali njia ya hewa ingali nyembamba. Mtoto alalapo, misuli ya koo hulegea na pumzi hukwama. Ubongo humgutusha avute hewa, kisha hulala tena. Huenda hayo yakatokea mara nyingi kwa usiku mmoja, na asubuhi mtoto asikumbuke lolote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate saa 10 hadi 13 za usingizi mwema kwa siku. Saa za kukabwa koo hazimo katika hesabu hiyo. Tena mtoto, tofauti na mtu mzima, akikosa usingizi aghalabu hasinzii, bali hurukaruka na kugombana. Ndiyo maana mtundu naye yumo.

Mzazi asikilize: kukoroma karibu kila usiku hata pasipo mafua, kimya cha ghafla, kisha kugutuka kwa kutweta, jasho jingi, kuanza tena kukojoa kitandani. Mwalimu ataona kinywa kilicho wazi mchana kutwa. Mwenye sikoseli aangaliwe mapema zaidi.

Hapa Tanzania liko jambo la kulaumiwa waziwazi. Mtoto akisumbuliwa na koo au kikohozi, wako wanaomkimbiza kwa mkata kimeo, na si wasiosoma peke yao. Kimeo hakina hatia. Wembe ule huleta kuvuja damu na maambukizi, pengine kifo, na nyama za nyuma ya pua hubaki pale pale.

Wala si kila anayekoroma hupasuliwa. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013, watoto 464 wenye tatizo hili, wa miaka 5 hadi 9, walifuatiliwa kwa miezi 7. Vipimo vya usingizi vilirudi sawa kwa watoto 79 katika kila 100 waliopasuliwa, na kwa 46 katika kila 100 waliosubiri chini ya uangalizi. Uamuzi huo ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Mzazi amsaidie: ampige mtoto picha za video kwa simu akiwa amelala, kifua wazi, mlio wa pumzi ukisikika.