Ubora wa Nyama ya Bata na Suala la Dume Anayebaki: Mada kwa Wafugaji na Maafisa Ugani wa Kisiwa cha Mfangano

1. Fasili

Ubora wa nyama ni jumla ya sifa zinazoifanya nyama ipendwe na mlaji, yaani ulaini, rangi, ladha, mafuta yaliyo ndani ya msuli na uwezo wa kushika maji inapopikwa. Jeni ni kipashio cha urithi ambacho kifaranga hukipokea kutoka kwa wazazi wake, na kiwango cha urithikaji ni ile sehemu ya tofauti baina ya ndege inayotokana na jeni, wala si chakula au banda. Bata wa Muscovy, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, ana mafuta machache kuliko bata wa Pekin. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha ukubwa wa bata wa Pekin na jeni iitwayo IGF2BP1.

2. Tatizo la dume anayebaki

Mfangano ni kisiwa, na bata mgeni hufika huko kwa boti, kwa hiyo damu mpya huingia kwa nadra. Pale ambapo dume mmoja huwapanda majike wote, kisha akaazimwa na jirani, wanawe hatimaye huwapanda dada zao. Ukizidisha idadi ya madume kwa idadi ya majike, kisha kwa 4, na kugawanya kwa jumla yao, utapata idadi tendaji ya kundi, yaani idadi ya wazazi inayohesabika kweli katika urithi. Dume 1 na majike 20 ni sawa na ndege wasiofika 4, na uzazi wa ndugu kwa ndugu huongezeka kwa takriban asilimia 13 kila kizazi. Madume 5 kwa majike hao hao ni sawa na ndege 16, na ongezeko hushuka hadi asilimia 3 hivi.

Baya zaidi ni kwamba mnunuzi huchagua dume mzito mwenye kidari kipana, na mfugaji mwenye karo ya kulipa hawezi kumkatalia, hivyo anayebaki kupanda ni yule aliyekataliwa. Huo ni uteuzi wa kinyume unaofanyika bila kukusudiwa, na hakuna chanjo wala chakula kinachoweza kuufuta.

Zaidi ya hayo, ulaini na mafuta ya ndani ya msuli havipimiki vyema kwa bata aliye hai, na aliyechinjwa hazai tena. Njia ya kawaida ni kuchinja baadhi ya ndugu na kubakiza wengine, ili nyama ya waliochinjwa iwatolee ushahidi walio hai. Lakini ushahidi huo hauna thamani pasipojulikana nani ni ndugu wa nani. Ndiyo maana mjadala wa jeni huishia kwenye pete ya mguu na daftari, vitu vya bei ndogo ambavyo vimependekezwa katika vikao vingi na kuahirishwa kwa kungoja mradi mkubwa. Bila kulaumu ofisi yoyote, inafaa kukumbusha kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeukabidhi ufugaji kwa kaunti.

3. Mapendekezo

(i) Kila bata wa kuzalisha avishwe pete yenye namba.

(ii) Daftari liandikwe baba, mama, tarehe ya kuanguliwa na uzito.

(iii) Dume bora asiuzwe kabla ya kuacha watoto, na kikundi kichange fedha za kumfidia mwenyewe.

(iv) Madume wabadilishwe baina ya vijiji vya mbali, na wengine waletwe kutoka bara.

(v) Madume walinganishwe na madume wenzao, kwa kuwa dume wa Muscovy hukaribia uzito maradufu wa jike.

(vi) Muscovy wasichanganywe ovyo na bata wa kawaida, kwani watoto wao huwa tasa.

(vii) Omena, yaani dagaa, zipunguzwe katika chakula cha bata wiki za mwisho kabla ya kuchinja, ili ladha ya samaki isidhaniwe kuwa kasoro ya nasaba.

(viii) Kaunti itenge fedha za pete na daftari, kama ilivyoelezwa katika (i) na (ii).

(ix) Inasisitizwa tena kwamba dume bora asiuzwe kwanza.

4. Hitimisho

Nyama ya bata wa Mfangano wa kesho inaamuliwa leo, mnunuzi anapoondoka na dume mmoja na mwingine akaachwa bomani.