Kazi ya Kinyozi Hufundishwa

Somo letu la leo lahusu kazi ya kinyozi.

Wako watu wasemao, "Kunyoa nani asiyejua? Nunua mashine, tundika kioo, fungua duka." Maneno hayo si kweli. Kukata nywele mtu aweza kujifunza kwa kumtazama mwenziwe. Lakini hatari za kazi hii hazionekani kwa macho, ndiyo maana hufundishwa darasani.

Kwanza, maradhi. Wembe ukimkwaruza mteja huchukua damu, hata ikiwa kidogo mno. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mapunye nayo huenezwa kwa chanuo na mashine. Kwa hiyo kila mteja apewe wembe mpya. Chanuo na mkasi vioshwe kwa sabuni kabla ya kutiwa katika dawa, kwani dawa haifanyi kazi vizuri penye uchafu.

Pili, ngozi. Nywele zetu hujikunja. Ndevu zikinyolewa chini mno, ncha zake huingia ndani ya ngozi na kuleta vipele. Kinyozi hodari hunyoa kwa kufuata ulalo wa nywele, wala hakandamizi wembe.

Tatu, kusoma na hesabu. Ikiwa kibandiko cha dawa chasema sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji, asiyejua kusoma atakisia tu. Dawa hafifu haiui vijidudu. Kali mno huunguza ngozi na kutia vyuma kutu.

Katika Tanzania, mafunzo ya ufundi hutolewa pia na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Aliyekwisha kujifunza kazi mtaani asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa watu kama hao na kuwapa vyeti. Kabla ya kulipa ada, uliza: Je, chuo kimesajiliwa? Chafundisha kunyoa? Chatoa cheti gani?

Wahenga walisema, kinyozi hajinyoi. Naye hukaa kitini, akaitoa shingo yake kwa wembe wa mwingine. Usafi autakao siku hiyo, na awape wateja wake kila siku.

Zoezi: Kwa vikombe 2 vya dawa ile, utatia vikombe vingapi vya maji?