Kamera Isome Namba, Lakini kwa Sheria

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kile kibati kidogo kilichofungwa mbele na nyuma ya gari, chenye herufi Z. Wengi wetu hatukifikirii mpaka trafiki atusimamishe pale Amani au Mwanakwerekwe.

Trafiki huandika namba ya gari lenye kosa, na mengine yote humpita. Mashine ya kusoma namba haipitwi. Kila gari linalokatiza mbele yake hupigwa picha, na namba yake huandikwa pamoja na siku, saa na mahali. Mwenye kosa na asiye na kosa huingia daftari moja. Chombo hiki kilibuniwa na polisi wa Uingereza mwaka 1976, nacho kimesaidia kupata magari ya wizi na kukamata wahalifu. Faida hiyo siibezi.

Hapa kwetu kamera za mradi wa Mji Salama zimekuwa zikitazama Mji Mkongwe kwa miaka kadhaa. Baina ya kamera inayotazama na kamera inayosoma namba, hatua ni fupi. Na Unguja ni kisiwa cha kilomita 85 hivi kwa urefu, chenye njia kuu chache: ya Bububu kwenda Kaskazini, ya Mwera kwenda Mashariki na ya Tunguu kwenda Kusini. Kamera chache zikiwekwa penye njia hizo zitajua nani huenda Hospitali ya Mnazi Mmoja kila wiki, nani ameegesha nje ya ofisi ya chama, na nani amemtembelea wakili usiku.

Wapo watakaosema, kwetu siri iko wapi, na wazee wamekaa barazani wanamwona kila apitaye? Ni kweli. Lakini wa barazani nawe unamwona, unamtolea salamu, na kesho keshasahau. Mashine haisahau, na aliyekaa nyuma yake humjui.

Mwaka 2010, katika mji wa Birmingham, Uingereza, wakaazi wa mitaa yenye Waislamu wengi waligundua kwamba wamezungushiwa kamera zaidi ya 200, nyingi za kusoma namba. Waliambiwa ni za kupambana na uhalifu wa kawaida, kumbe fedha zake zimetoka fungu la kupambana na ugaidi. Polisi wakaomba radhi na kamera zikaondolewa, lakini imani ya wananchi ilikwisha kuvunjika. Huko Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2008 kwamba namba isiyotafutwa lazima ifutwe pale pale bila kuacha alama.

Sisi tuna nini? Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda maisha ya mtu ya faragha. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kwa Zanzibar sheria hiyo haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Basi tazameni fundo lilivyo: askari anayesoma namba ni wa Muungano, na daftari la magari yenye herufi Z liko kwa Serikali ya Mapinduzi. Tena sheria yenyewe imeacha mlango wazi kwa kazi za kuzuia na kugundua uhalifu. Dereva akidhulumiwa, abishe hodi wapi?

Kwa hiyo mimi sisemi kamera zing'olewe. Nasema Baraza la Wawakilishi na Bunge wakae, kila mmoja kwa upande wake, waandike mambo manne: namba isomwe kwa kazi gani, ikae siku ngapi kabla ya kufutwa, nani anaruhusiwa kuifungua na jina lake liandikwe kila anapofungua, na mwananchi apeleke wapi malalamiko yake. Askari mwema hapotezi kitu kwa sheria hiyo. Anayepoteza ni yule anayetaka kumfuata mkewe, mdai wake au mpinzani wake kwa mali ya serikali.

Haya yafanywe sasa, kabla daftari halijajaa. Maji yakimwagika hayazoleki.