Vipimo vya Kutambua Sarafu Halisi za Dhahabu na Fedha
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Liuli



Mkulima wa kahawa wa milima ya Umatengo na mvuvi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanajua jambo moja kwa uchungu: mizani ikiwa mbovu, jasho la mwaka mzima hupotea kwa dakika moja. Ndiyo maana chama cha msingi hakipokei gunia kwa kulitazama tu. Gunia hupimwa, uzito huandikwa, na mwenye mali hushuhudia. Desturi hiyo hiyo yapasa kutumika mtu anapoleta kijijini sarafu ya kale na kudai kuwa ni dhahabu au fedha halisi.

Hapa Liuli madai ya namna hiyo hayakosi wa kuyasikiliza. Wajerumani waliiita bandari hii Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wake uliowakumbusha sanamu maarufu ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapa kwa matengenezo iliposhambuliwa na meli ya Waingereza, Gwendolen. Mahali penye historia kama hiyo, simulizi la sanduku la rupia lililofukiwa na Mjerumani huaminika upesi. Mlaghai anajua hivyo. Huja na sarafu mbili tatu, hunong'ona kwamba zina nguvu za ajabu, hudai kwamba tajiri anazisubiri mjini, kisha huomba pesa taslimu siku hiyo hiyo. Haraka yake ni dalili ya kwanza ya ulaghai.

Yafaa basi kuanza kwa kuzijua sarafu zenyewe. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 917 ni fedha safi. Upande mmoja una kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma. Nusu rupia ina gramu 5.83. Rupia hizi ziliacha kuwa pesa halali shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tangu hapo thamani yake ni ile ya madini yaliyomo, au ile anayokubali kuilipa mkusanyaji wa sarafu za kale. Nguvu nyingine haina.

Sarafu ya dhahabu inayotajwa zaidi ni ile ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916. Wakati huo manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, na serikali ya Kijerumani ilipungukiwa na sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ikapelekwa katika karakana ya reli ya Tabora, zikagongwa sarafu zaidi kidogo ya 16,000 kabla mji haujatekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo. Upande mmoja una tai, na wa pili una tembo mbele ya milima, mwaka 1916 na herufi T. Uzito wake ni gramu 7.17, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Kwa kuwa wakusanyaji huilipia bei inayopita thamani ya dhahabu yake, nakala za bandia zimetengenezwa.

Hapa pana mtego. Karakana hiyo hiyo, mwaka huo huo, ilitoa pia sarafu za shaba nyeupe na nyekundu za hela 5 na hela 20, na nyingine ni za manjano na hung'aa zikisuguliwa. Hizo ni za Tabora kweli, ni za mwaka 1916 kweli, zina herufi T kweli. Lakini dhahabu hazina. Asiye na tembo asiitwe wa dhahabu.

Tarehe nayo si ushahidi. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani na nchi za Bahari ya Shamu, imeandikwa 1780 hata ile iliyogongwa miaka mingi baada ya malkia huyo kufariki. Inayotambulisha halisi ni uzito wake wa gramu 28.07 na maandishi yaliyogongwa ukingoni.

Vipimo vyenyewe ni vitano, na vinne vya kwanza vyaweza kufanywa mezani kwa katibu.

Kwanza ni macho. Sarafu halisi hugongwa kwa muhuri wa chuma, nayo herufi zake huwa kali. Ya bandia aghalabu husubiwa katika kalibu, na uso wake huonyesha vishimo vidogo na herufi butu. Ukingoni huweza kuonekana mstari mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Pili ni sumaku. Dhahabu na fedha hazishiki sumaku. Sarafu inayonasa ikataliwe papo hapo. Lakini shaba na risasi nazo hazinasi, kwa hiyo sumaku hukataa tu, haithibitishi.

Tatu ni sauti. Sarafu huwekwa juu ya ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa kijiti. Fedha hulia kama kengele, mlio ukadumu. Risasi hutoa kishindo kifupi, tena huacha alama ya kijivu ikichorwa kwenye karatasi. Iangaliwe lakini kwamba rupia iliyowahi kuchomelewa kitanzi cha mkufu huweza kupoteza mlio wake ingawa ni halisi.

Nne ni uzito, upana na maji kwa pamoja. Mizani ya kahawa haifai hapa. Inatakiwa mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, pamoja na kipimo cha milimita. Sarafu ikishapimwa ikiwa kavu, kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa uzi na kuzamishwa yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Uzito wa sarafu ikiwa kavu ugawanywe kwa namba hiyo. Kwa rupia ya gramu 11.66 maji huwa kama gramu 1.13, na jibu ni karibu 10.3. Shaba ya manjano hutoa jibu la 8 na nusu hivi. Dhahabu ya sarafu ya Tabora hutoa karibu 15.

Hapo ndipo ulaghai hukwama. Chukua Krugerrand, sarafu ya dhahabu inayotolewa Afrika ya Kusini tangu mwaka 1967. Uzito wake ni gramu 33.93. Shaba iliyokatwa kwa upana na unene ule ule itakuwa na uzito wa karibu nusu yake tu. Nayo ikitaka kufikia uzito ule, lazima iwe nene karibu maradufu. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara hutumia kifaa chenye mwanya na mwenzo: sarafu sharti ipite mwanyani na pia iinamishe mwenzo. Sarafu ya kale iliyochakaa huweza kupungua kidogo. Ile inayozidi uzito wake wa asili ishukiwe zaidi.

Tano ni mtaalamu. Risasi ikichanganywa na bati yaweza kukaribia jibu la fedha. Madini yaitwayo tangsteni yana uzito unaokaribia kabisa ule wa dhahabu safi. Tena kuna nakala zilizotengenezwa kwa dhahabu ya kweli. Sonara mwenye jiwe na tindikali, au ofisi yenye kifaa cha eksirei kinachosoma madini bila kuyakwaruza, ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Vipimo hivi humlinda muuzaji pia. Bibi aliyerithi rupia za mama yake huweza kuambiwa na mpita njia kuwa ni bati tupu, akapewa bei ya pakiti ya chumvi. Akizipima na kujua kwamba kila moja ina fedha safi gramu 10 na zaidi, hatapunjwa. Wala asizisugue kwa mchanga au ndimu, maana sarafu iliyokwaruzwa hushuka bei kwa wakusanyaji.

Linabaki jukumu la chama. Pesa za wanachama ni za pembejeo na za malipo ya mazao. Si za kununulia sarafu, hata zikiwa halisi. Katibu akiombwa kushuhudia mauzo ya mwanachama, kila sarafu ipimwe peke yake, kwa kuwa mlaghai hutoa moja halisi ipimwe kisha hukabidhi mfuko wa bandia. Sarafu iliyopimwa isiondoke mezani mpaka malipo yaishe. Uzito, upana na jibu la maji viandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Anayekataa kupimiwa mali yake aelekezwe mlangoni, na kituo cha polisi kipewe habari.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sarafu, daftari lenyewe lianze na mizani.