Masalia ya Maharage: Matandazo Yanayoteketezwa Bure

(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Kila mwaka, mvua za masika zinapokwisha, wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro huteremka tambarare kuvuna maharage. Maharage hupigwa kwa fimbo, hupepetwa na kutiwa magunia. Yabakiayo uwanjani, yaani mashina, maganda na majani makavu, mara nyingi hutiwa kiberiti. Wakati huo huo, huko juu vihambani, udongo wa bustani uko wazi, jua linaukausha, na mwenye bustani analalamika kwamba maji hayatoshi. Kile kinachogeuka moshi tambarare ndicho kinachokosekana kihambani.

Matandazo huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na huvunja nguvu ya matone ya mvua yanayobomoa udongo. Yaozapo hurutubisha. Hapo ndipo mimea ya jamii ya kunde inapoizidi nafaka: mabua ya mahindi yana naitrojeni kidogo na huoza polepole, ilhali masalia ya kunde yana zaidi.

Hata hivyo, ipo tofauti ya kuzingatiwa. Majani ya kunde au lusini yaliyokatwa yangali mabichi na kukaushwa huwa yamebaki na naitrojeni yake. Masalia yaliyokwisha kupigwa yamepoteza sehemu kubwa, kwa kuwa imekwenda na punje. Kwa hiyo mkulima asiyafanye kuwa badala ya samadi. Tena yatandazwe juu ya udongo, yasifukiwe karibu na wakati wa kupanda. Yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya miche naitrojeni, nayo miche hugeuka manjano.

Wapo watakaouliza: ng'ombe naye ale nini? Swali hilo ni la haki. Ng'ombe apewe kwanza. Mashina magumu anayoyaacha horini, yakiwa yamelowa mkojo na kuchanganyika na samadi, hurudi bustanini yakiwa na rutuba zaidi kuliko yalipotoka shambani.

Mkulima anayetandaza na azishike kanuni hizi:

1. Atandaze udongo ukiwa na unyevu, unene wa sentimita 10 hivi, na aache nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka kila shina ili lisioze.

2. Masalia ya maharage yasitandazwe kwenye tuta la maharage. Kutu, chule na madoa pembe huweza kubaki katika mabaki ya mmea na kuushambulia mmea mpya. Yapelekwe kwenye kabichi, vitunguu, migomba au kahawa.

3. Anayenunua nyasi kavu aulize kama malisho yalinyunyiziwa dawa ya magugu. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana hubaki katika nyasi kavu kwa miezi mingi, na hata katika samadi ya ng'ombe aliyezila, kisha huharibu nyanya na maharage. Kwa masalia ya kunde hatari hiyo ni ndogo, kwa sababu dawa hizo huiua mikunde yenyewe.

Kazi iliyobaki ni ya chama. Mwanachama mmoja ana lundo asilo na haja nalo. Mwenzake ana bustani isiyo na kifuniko. Na gharama ya kupandisha mzigo mlimani humshinda kila mmoja akiwa peke yake. Katibu na aandikishe mapema, kabla ya mavuno, nani anayo masalia na nani anayahitaji, ili usafiri ukodiwe kwa pamoja. Hesabu yake si ngumu: tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, likifunikwa kwa unene wa sentimita 10, huhitaji mita 1 ya ujazo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Masalia ya maharage nayo ni mali ya wanachama. Yaingizwe daftarini kabla kiberiti hakijawashwa.